NYUMBA NA JAMAA: Paa la kuinuka na safari ya ukweni

Ndugu mmoja aliyestaafu utumishi wa jeshi, ambaye siku hizi anakaa Mtwara pamoja na mkewe na watoto wao watatu, ametuletea barua yenye swali ambalo halijapata kuulizwa katika ukurasa huu. Anayo Landrova ya zamani, ile ya shasi ndefu ya inchi 109, aliyoinunua mnadani kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Fundi amemwambia kwamba anaweza kulikata paa lake na kulifanya la kuinuka, lenye kuta za turubai na kitanda juu, ili jamaa nzima ipate kulala humo humo garini. Mkewe ni mzaliwa wa Quitupo, katika rasi ya Afungi ng'ambo ya Ruvuma, na mama yake siku hizi yuko Quitunda. Ndiko wanakotaka kwenda. Lakini mke hataki kusikia habari za paa la gari. Asema fedha hizo zingetosha kuezeka chumba cha uani ambacho kimesimama kuta tupu tangu mwaka juzi. Barua yamalizika kwa kutuomba tuamue nani mwenye haki.

Kuamua kati ya mume na mke si kazi ya gazeti. Hata hivyo jambo lenyewe lina mengi ya kusemwa, na baadhi yake ni ya kuokoa roho za watu, kwa hiyo tutalieleza kwa kirefu kuliko desturi yetu.

Gari lenye paa la kuinuka si jambo geni. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Martin Walter ya mji wa Folkestone, Uingereza, ilikuwa ikizigeuza Landrova za inchi 109 kuwa nyumba ndogo, na magari hayo yakajulikana kwa jina la Dormobile. Sehemu ya katikati ya paa ilikatwa, ikafunikwa kifuniko chenye bawaba upande mmoja, na kifuniko hicho kikiinuliwa, kitambaa cha mistari mistari hukunjuka kikawa ukuta. Juu palikuwa na vitanda viwili vya turubai mfano wa machela, na chini viti vililazwa vikawa kitanda kingine. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo katika Kombi za Volkswagen. Magari ya aina hiyo yalipita sana katika nchi zetu, yakiwachukua wasafiri kutoka Ulaya hadi kusini mwa Afrika.

Lakini kuna paa jingine la kuinuka ambalo wasomaji wetu wengi wamekwisha kuliona, nalo ni lile la magari ya watalii ya Arusha na Nairobi. Hilo husimama juu ya miguu minne ya chuma, pande zote wazi, ili mgeni asimame na kuwatazama tembo huku kichwa chake kikiwa kivulini. Halikutengenezwa kwa kulala. Halina ukuta, halina mahali pa kubeba kitanda, na mvua ya kaskazi ikija kwa upande huingia yote ndani. Twamwomba ndugu yetu amuulize fundi wake swali moja tu: je, katika mapaa uliyopata kuyatengeneza, ni lipi ambalo watu walilala chini yake mvua ikinyesha? Akijibu kwa kutaja magari ya watalii, basi na amshukuru na kumuaga.

Sasa tuje kwenye sababu yake, kwa maana sababu hiyo ni nzuri na mke wake hakuitendea haki. Asiyeijua Afungi ataona kwamba mtu anayekwenda kwa wakwe hahitaji kulala garini, kwani ukweni hakukosi mkeka. Zamani ilikuwa hivyo. Mtu aliyekwenda Quitupo alikuta ua mpana, minazi, banda la wageni, na nyumba ya shemeji hatua chache tu. Mkwe mume alipewa mahali pa kulala pasipo kumwona mama mkwe akitoka kuoga wala yeye kuonwa. Kisha gesi ikagunduliwa katika bahari ya pale mwaka 2010. Eneo la karibu hekta 7,000 likatengwa kwa ajili ya mitambo, na familia zaidi ya 500 zikapangiwa kuhama. Wa kwanza waliingia Quitunda mwaka 2019, katika nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, bora kwa ukuta na bati kuliko zile za zamani, lakini zikiwa zimekaribiana, na ua wake si ule wa kijiji cha wavuvi.

Likafuata balaa. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa, na maelfu ya watu wakakimbilia upande wa Afungi. Nyumba za Quitunda zilijaa wakimbizi. Mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ilisimamisha kazi, na zuio hilo halikuondolewa hadi mwaka 2025. Wasomaji wetu walio katika vikosi hawahitaji kukumbushwa habari hizo, kwani miongoni mwao wapo waliokwenda Cabo Delgado pamoja na majeshi ya SADC kati ya mwaka 2021 na 2024, na wapo waliolinda ukingo wetu wa Ruvuma baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020. Twayataja kwa sababu moja ya kinyumba: nyumba ambayo imepata kupokea wakimbizi kwa miezi haina tena chumba cha kumpisha mkwe na wajukuu watatu. Kumlaza mama mkwe sebuleni ili mkwe apate kitanda ni aibu, na kulala naye chumba jirani, ukuta mwembamba ukiwatenganisha, ni aibu zaidi. Kwa hiyo mtu anayesema, "Nitakwenda na malazi yangu, nisimsumbue mama," anasema maneno ya mtu aliyelelewa.

Swali ni kama malazi hayo lazima yawe juu ya gari.

Landrova ina uzuri mmoja katika kazi hii. Bodi yake ni ya aluminiamu, na paa limefungwa kwa bolti, halikuunganishwa kwa moto kama mapaa ya magari mengi. Fundi mwenye spana na msaidizi anaweza kulishusha zima zima, akalifanyia kazi chini, kisha akalirudisha. Lakini paa hilo ndilo linaloshika kioo cha mbele na mbavu za gari zisicheze. Likikatwa lote likabaki tundu, milango itaanza kugoma kufunga, kioo kitapasuka katika barabara ya mashimo, na gari likipinduka waliomo hawana kinga. Inatakiwa ukingo mpana uachwe pande zote nne, na chini ya ukingo huo izungushwe fremu ya chuma iliyofungwa imara kwenye nguzo za bodi. Fundi asiyetaja fremu hiyo kabla ya kuulizwa asipewe kazi.

Jambo la pili ni chumvi. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini ikikutana na bolti ya chuma cha kawaida mahali penye unyevu wa bahari, huliwa polepole ikawa unga mweupe kuzunguka tundu, na bolti hulegea. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, na chini ya kila moja weka kishikizo cha mpira au cha plastiki ili metali hizo mbili zisigusane. Shasi nayo ni chuma kitupu. Kila mtu arudipo kutoka pwani na aioshe kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, kuanzia ndani ya mikono ya shasi, maana kutu ya Landrova huanzia pale pasipoonekana.

Aidha Landrova nyingi za abiria zilikuja na paa la pili, bati jembamba lililoinuliwa kidogo juu ya lile la kwanza ili upepo upite katikati na kupunguza joto. Ukiweka paa la kuinuka, bati hilo huondoka. Mchana wa Januari ndani ya gari hilo utakuwa wa kuokea mkate. Wenye kutengeneza vizuri hubandika sponji nene upande wa ndani wa kifuniko, na hiyo pia ni gharama ambayo mafundi huisahau wanapotaja bei ya kwanza.

Kifuniko cha kisasa huinuliwa na zile shoki za gesi kama zinazosaidia mlango wa nyuma wa magari madogo. Ni raha zikiwa mpya. Zikizeeka huchoka, na kifuniko chenye uzito wa mtu mzima hushuka taratibu usiku, au hushuka ghafla juu ya vidole vya mtoto. Kwa hiyo pamoja na shoki lazima pawe na fimbo mbili za chuma za kukitegemeza, zenye pini. Na kabla ya kuwasha injini, mtu mmoja, siku zote huyo huyo, azunguke gari na kushika kila komeo kwa mkono wake. Macho hayatoshi, kwani paa lililosahauliwa komeo moja hung'olewa na upepo barabarani.

Turubai ndiyo kazi ya kila siku, nayo katika nyumba nyingi itamwangukia mama. Turubai jipya la pamba lilowekwe maji mara mbili tatu na kukaushwa kabla ya safari; uzi huvimba na kuziba matundu ya sindano, na ndipo litakapozuia mvua. Lisifungwe likiwa bichi. Kama mvua imewalazimisha kuondoka asubuhi na turubai limelowa, lifunguliwe siku hiyo hiyo mfikapo, hata kama ni usiku, la sivyo siku ya tatu litakuwa na madoa meusi ya ukungu yasiyotoka na harufu itakayowafukuza watoto. Lioshwe kwa maji baridi na brashi laini. Msitumie sabuni ya unga, wala petroli, ambayo baadhi ya watu huidhania dawa ya kila doa. Zipu za madirisha zipakwe mshumaa mkavu, zitateleza tena. Mafuta hayafai kwa sababu hushika mchanga. Nyavu za madirisha zikaguliwe kwa kuangalia jua kupitia kwake, na tundu lolote lishonwe kabla ya kuondoka nyumbani. Malaria ya Cabo Delgado haina huruma, na mbu wa saa moja jioni huingia kwa mlango wazi wakati watu wanapanga mizigo, kisha hulala na nyinyi usiku kucha ndani ya chandalua chenu wenyewe. Milango ifungwe jua likianza kuzama.

Kuhusu kulala, watoto ndio wa juu, wazazi chini. Si kwa sababu ya heshima tu, bali pia uzito: vitanda vile vya juu havikukusudiwa watu wazima wawili walioshiba. Gari likienda, hakuna mtu wa kukaa juu, wala mzigo mzito haupandishwi huko. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20, na madumu manne ni sawa na abiria mmoja. Yakiwekwa juu, gari huyumba katika kila kona na siku moja halitarudi. Maji yakae sakafuni, katikati ya ekseli mbili. Habari za betri ya pili na jokofu dogo tunaziacha, kwa kuwa wakwe wanavua samaki kila siku na hakuna haja ya kuwapelekea barafu.

Twafika sasa mahali ambapo twaomba hata asiyependa magari asome.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari kamwe. Lisiingizwe likiwaka, wala likiwa limekwisha kupikiwa, wala likiwa limefunikwa majivu. Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, harufu wala moshi. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa safi. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, hudhani ni uchovu wa safari, hulala, na haamki. Nyumba ya udongo ina nyufa na upenyo wa dari. Gari lililofungwa vioo na zipu kwa kuogopa mbu halina. Ile desturi ya kuleta jiko ndani wakati wa mvua ili watoto wapate joto na nguo zikauke, ambayo imepata kuua watu hata vyumbani, ndani ya gari huua upesi zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa injini inayoachwa ikinguruma usiku ili kutoa upepo au kuchaji simu, hasa katika gari kuukuu lenye bomba la moshi lililotoboka chini ya sakafu. Gesi ya mtungi nayo ina hatari yake ya namna nyingine. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kulala sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi ukae nje, na kama gari lina kabati la mtungi, sakafu ya kabati iwe na tundu la kutolea gesi chini. Pika nje, chini ya turubai la kivuli. Usiku acha dirisha la juu na la chini wazi, nyavu zikiwa zimefungwa. Mtoto akilalamika kichwa usiku ndani ya gari, asiambiwe alale. Wote watoke nje kwanza, maneno baadaye.

Tukija kwenye safari yenyewe, njia ni mbili. Ya pwani hupita Kilambo, ikavuka Ruvuma kwa kivuko, kisha Quionga hadi Palma. Quionga hiyo ndiyo Kionga ya Wajerumani, kipembe kidogo cha ardhi kusini ya mto ambacho Wareno walikitwaa mwaka 1916 na kukihalalisha baada ya vita. Kivuko hutegemea kina cha maji, na mtu asiondoke Mtwara kabla hajapata habari ya siku ile ile kutoka Kilambo. Ya pili ni Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010. Ni imara, lakini hukuzungusha mbali kupitia Mueda. Kwa vyovyote kadi ya gari iwe imesahihishwa. Gari lililobadilishwa bodi lazima lipitishwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kuvuka mpaka, na mstaafu wa jeshi ndiye wa mwisho kustahili kukamatwa na karatasi yenye maelezo ya gari jingine. Upande wa pili atahitaji kibali cha muda cha gari na bima ya huko.

Kwenye mchanga wa Palma, punguza upepo wa matairi hadi paundi 18 hivi, endesha polepole bila kukata kona kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya barabara ngumu. Pampu ya mguu hutosha kwa mwenye subira. Kifuniko kikiwa na bawaba mbele, elekeza pua ya gari kwenye kusi. Kikiwa na bawaba ubavuni, ubavu huo ndio uukabili upepo. Ukikosea, turubai litapiga kelele kama tanga usiku kucha.

Ambalo hatukubaliani nalo hata kidogo ni maneno ya ndugu yetu kwamba, wakiwa na gari hilo, "watalala popote jua litakapowachwea." La hasha. Msumbiji ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini mwaka 2015, lakini vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimeleta mabomu mapya ya kutegwa barabarani, na gari pweke porini usiku, lenye paa lililoinuka na taa ndani, huwatia shaka askari na kuwavuta wasio askari. Asafiri mchana, alale penye watu, na kabla ya kutoka Mtwara awapigie simu jamaa walioko huko huko, maana hali ya njia hubadilika kwa juma moja. Na hiyo Landrova, kama bado ina rangi yake ya kijani ya kazini, ipakwe rangi nyingine. Nyeupe ni nzuri kwa jua pia.

Akifika Quitunda, kwanza kwa katibu wa mtaa na karatasi zake, kisha kwa mama mkwe na salamu, kisha ndipo aulize gari lisimame wapi. Asijichagulie mwenyewe. Paa likiinuka, aliye kitanda cha juu huona ndani ya ua wa jirani, na katika kijiji ambacho nyua zimebanana hilo ni kosa kubwa kuliko kelele. Upande unaotazama bafu la watu, dirisha lifungwe moja kwa moja. Chakula kiliwe ndani kwa wenyeji, hata kama gari lina jiko zuri. Mtu anayelala garini huku anakula ukweni ameonyesha heshima. Anayelala garini na kupika garini amewatukana. Wala asisahau kwamba jirani zake wa siku hizo ni watu waliohamishwa kutoka kwenye mashamba yao, na baadhi hawajaridhika mpaka leo na walichopewa. Gari kubwa lenye kitanda ndani yake huwakumbusha magari mengine. Kubeba mgonjwa mmoja hadi hospitali ya Palma kutawafanya walizoee upesi.

Kuhusu fedha, rai yetu ni hii. Chumba cha uani kiezekwe kwanza. Mstaafu aliyetoka kota hana tena paa la serikali, na bati haligomi kufunga wala halihitaji zipu. Landrova na ibaki na paa lake. Kwa safari ya kwanza na anunue hema la kawaida la watu watano, lenye sakafu iliyoshonwa na nyavu nzima, alisimamishe ubavuni mwa gari, yeye na mkewe walale humo na watoto wajilaze garini juu ya ubao na godoro la sponji, madirisha yakiwa na nyavu. Hema hilo hata mama mkwe anaweza kuachiwa likawa ghala la mpunga. Wakirudi, na ikiwa mke mwenyewe, baada ya usiku saba wa kulala chini na kutambaa kwenda chooni, atasema afadhali lile paa, basi tuandikiwe tena, nasi tutatoa vipimo vya fremu.

Juma lijalo tutamjibu mama wa kambi moja ya polisi huko Lindi aliyeuliza kwa nini mhogo wake mkavu huota weusi.